Mosi Si Uchafu

Mtu aweza kumaliza kidato cha nne katika nchi yetu, akafaulu Baiolojia kwa alama za juu, akachora mosi kwa penseli iliyochongwa vizuri pamoja na mishale na majina ya sehemu zake zote, na bado asiitambue mosi iliyoota kwenye ngazi ya mlango wa kwao. Akiiona ataiita uchafu, atachukua panga butu na kuikwangua. Nasema jambo hili ni aibu, na aibu yenyewe si ya mtoto. Ni ya vyuo vinavyofunza walimu kuchora badala ya kutazama, na ya wakaguzi wanaopima shule kwa weupe wa mawe ya bustani.

Tuanze na jina, maana kisicho na jina ni rahisi kukidharau. Wengi wetu tukiona kitu cha kijani, laini, kimejishika kwenye jiwe au ukuta, twasema ni ukoga, au kuvu, au kuvumwani. Ukoga ni utando tu. Hata meno yasiyopigwa mswaki yana ukoga. Kuvu ni jamii ya uyoga na ule unaoharibu mkate. Kuvumwani nalo, ukilitazama lilivyoundwa, ni kuvu na mwani vilivyoungana, na kiumbe cha namna hiyo kipo kweli: ni yale mabaka makavu ya kijivu au ya manjano yaliyojibandika juu ya mawe na magome, ambamo kuvu na mwani huishi pamoja kama mke na mume. Mimea ninayoisema mimi haimo humo. Ina shina, ina majani, ina ukijani wake yenyewe, ila haina maua wala mbegu, na mahali pa mizizi ina nyuzi tu za kujishikilia. Mimi naiita mosi, yaani jina la Kiingereza tulilopewa chuoni likavikwa kanzu. Najua kwamba mosi kwa Kiswahili ni ya kwanza. Sioni ubaya, kwani ukoo huu ni miongoni mwa koo za kale kabisa za mimea ya nchi kavu. Mwenye jina bora zaidi na alilete, nami nitalitumia kesho yake.

Umri wangu umepita miaka 70. Nilitoka chuo cha ualimu nikafundisha, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu, na sasa nakaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Asubuhi nikiwa na nguvu hupanda njia iendayo Morningside, mfukoni nina lenzi, chupa ya maji na simu niliyopewa na mjukuu. Mara nyingi watu hunikuta nimelala kifudifudi kando ya njia. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akishuka na ndizi kichwani alisimama. "Shikamoo Mwalimu. Umedondosha nini?" Nikamwambia marahaba mwanangu, sijadondosha kitu, natazama hii. Akatazama alipotazama kidole changu. "Hiyo? Hiyo si inaliwa wala haiuzwi." Nikampa lenzi. Alitua ndizi zake chini, akaangalia kwa muda mrefu kuliko walimu wengi niliowapa lenzi ileile, kisha akaniuliza kama vile vikopo vidogo ni matunda. Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasikia darasani, na aliyeliuliza hakuwa na cheti chochote.

Mosi ipendwayo na wachoraji wa ubaoni ni Funaria hygrometrica. Ubaoni huwa na urefu wa mkono wa mwalimu. Kwa kweli ni mmea wa sentimita chache tu, pamoja na kikonyo chake chembamba chenye kikopo cha spora kilichoinama kama pea dogo. Hupenda mahali palipochomwa moto. Katika shule moja ya milimani niliyoiongoza, palikuwa na zulia lake nyuma ya jiko, pale wapishi walipomwaga majivu na vipande vya mkaa. Watoto walilipita kila siku na sahani zao wakienda darasani kukariri mchoro wake. Nilimwagiza mwalimu wa somo awapeleke huko, na somo lilichukua dakika 20. Kikonyo kikiwa kikavu hujisokota kama kamba. Ukikipulizia pumzi yako yenye unyevu, huanza kujisokotoa, na kikopo kikageuka polepole mbele ya macho yako. Ndiyo sababu ya jina lake la pili, ambalo maana yake ni kupima unyevu. Mtoto aliyeona jambo hilo mara moja hana haja ya kulikariri, wala hataliandika kwa Kiingereza cha kuokoteza asichokielewa.

Sasa nije kwenye chokaa. Katika shule zetu nyingi, mgeni mkubwa anapotarajiwa, watoto huamriwa kukwangua mawe ya kando ya njia na kuyapaka chokaa, kisha huipaka mashina ya miti kuanzia chini hadi kiunoni mwa mtu mzima. Huo huitwa usafi wa mazingira. Mkaguzi mmoja, ambaye simtaji, aliandika katika taarifa yake kwamba shule yangu haikuwa nadhifu, kwa kuwa mawe hayakupakwa na mashina yalikuwa "yameota majani". Maabara ilikuwa na hadubini moja tu, nayo haikuwa na kioo cha kumulikia. Hilo hakuliandika. Naomba kuuliza: mosi juu ya shina inaudhuru mti kwa kitu gani? Haina mizizi ya kuingia ndani ya gome, wala hainyonyi chakula cha mti. Imepanda pale kama abiria juu ya basi. Kwenye ngazi wanakopita wazee kama mimi, haya, ikwangueni, maana ikilowa huteleza na mfupa wa nyonga haununuliwi dukani. Lakini jiwe la bustani limemkosea nani?

Wapo watakaosema: Mwalimu, tungependa kuzitambua, ila ni ndogo mno na zote zinafanana. Si kweli kwamba zinafanana. Duniani mna aina zipatazo 12,000 za mosi, na kuzitofautisha huanza na kioo cha kukuzia mara 10, kidogo kuliko kiberiti. Hapa nitasema jinsi ya kukishika, kwa sababu karibu kila mtu hukishika kama askari wa sinema, mkono umenyooshwa mbele. Lenzi huwekwa karibu kabisa na jicho, nusura iguse kope, kisha mosi yenyewe huletwa taratibu mpaka ionekane wazi, uso ukielekea kwenye mwanga. Baada ya hapo ni kuuliza maswali kama hakimu. Je, imesimama wima katika kichuguu, au inatambaa na kutoa matawi? Kikopo kimetoka nchani au ubavuni? Jani lina mshipa katikati au halina? Ncha yake ni ya kijani, au imemalizikia katika unywele mweupe? Ikikauka, majani hujikunja au hujilaza kwenye shina? Tena imeota juu ya nini: gome, udongo, mwamba, au gogo linalooza?

Kwa maswali hayo tu mtu hufika mbali. Kwenye nyufa za saruji na kingo za barabara za mjini mna mosi ndogo yenye kung'aa kama fedha. Hiyo ni Bryum argenteum, na mng'ao wake hutokana na ncha za majani zisizo na ukijani. Mosi hiyohiyo imeonekana hata Antaktika, huku sisi tunaikanyaga tukienda sokoni. Ukiwa pwani, tazama shina la mnazi. Ile mosi nene yenye weupe wa maziwa ni Octoblepharum albidum. Majani yake yana matabaka ya seli tupu zisizo na rangi, na seli za kijani zimefichwa katikati. Jina lake la kwanza lina maana ya kope nane, kwa ajili ya meno manane yaliyozunguka mdomo wa kikopo. Ukipata kikopo kilichokwisha kufunguka, yahesabu. Na kule juu msituni, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, ambazo hata waongoza wageni huwaambia watu kuwa ni mosi, mara nyingi si mosi kamwe. Chukua uzi mmoja uliokwisha kuanguka chini, uvute polepole: ukiona ndani yake kamba nyeupe inayovutika, hiyo ni Usnea, yaani kuvumwani halisi. Mosi zinazoning'inia zipo pia, lakini hizo zina majani, na lenzi haikufichi.

Sisemi kwamba lenzi hutosha kwa kila kitu. Nyingine hazijulikani kwa jina kamili mpaka jani lake liwekwe chini ya hadubini na seli zake zitazamwe. Mwenye haraka ya jina afuge kuku.

Haraka hiyo ndiyo ugomvi wangu wa pili. Siku hizi kijana hupiga picha moja kwa simu, programu humpa jina la Kilatini kabla hajafumba jicho, naye huondoka ameridhika. Nilimwomba mjukuu wangu tuijaribu. Tulipiga picha ya kichuguu kimoja kikiwa kikavu, tukamwagia maji ya kifuniko kimoja cha chupa, tukangoja kidogo, tukapiga tena. Programu ikatupa majina mawili ya jenasi mbili tofauti, kwa uhakika uleule. Mjukuu alicheka, mimi sikucheka. Programu hujua kile tu ilichoonyeshwa, na ni nani aliyeionyesha mosi za Uluguru? Ikiwa hata sisi tunaokaa hapa hatuzitazami, mashine itazijuaje?

Sipingi kupiga picha. Napinga picha moja ya kupendeza isiyosema kitu. Picha ya mosi ina kazi kama barua ya ushahidi: itatazamwa na mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo piga kwanza kutoka mbali, ili ijulikane imeota wapi. Piga ikiwa kavu. Mwagia maji kidogo, subiri, piga tena. Jani la mosi kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, hunywa kwa mwili mzima, na mosi nyingi zilizokuwa zimesinyaa kama kitu kilichokufa hufunguka ukiwa umeitazama. Hilo peke yake latosha kumtoa mtoto darasani. Kama kuna vikopo, vipige kwa karibu, na hapo unaweza kuibandika lenzi mbele ya jicho la simu, nayo hukuza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Jua la mchana lisikudanganye. Hutoa picha yenye weupe wa kupofusha na weusi usioonyesha kitu, afadhali mwenzako akukingie mwavuli. Na usiing'oe. Nimewaona wapiga picha wakibandua kichuguu kizima, wakakiweka juu ya jiwe safi ili kipendeze, kisha wakakiacha hapo juani. Huyo hapigi picha ya mosi. Anapiga picha ya maiti.

Yule mama wa ndizi aliuliza kwa ufupi swali la watu wote: faida yake nini? Jibu limekwisha kupimwa, tena hapahapa. Mwaka 1980 mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, aliyewahi kufanya kazi Morogoro, alichapisha vipimo vyake vya misitu ya Uluguru. Katika msitu wa juu, ule wa miti mifupi unaofunikwa na ukungu, mimea iotayo juu ya miti, ambamo mosi na ndugu zake ni nyingi mno, ilifikia uzito mkavu wa tani zipatazo 14 kwa hekta moja, na mvua moja iliweza kuacha humo maji yapatayo lita 50,000. Gawanya kwa debe la lita 20: ni madebe 2,500, juu ya eneo lililozidi kidogo kiwanja cha mpira, yameshikwa na kile tunachokiita uchafu. Maji hayo hayaporomoki kwa fujo na kubomoa miteremko. Mengine hurudi hewani, mengine hudondoka taratibu. Mito inayoteremka Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Bwawa la Mindu, linalotuhudumia sisi wa mji wa Morogoro, nalo hutegemea milima hiyohiyo. Mtu wa Kariakoo anapofungua bomba na maji yakatoka, hana habari kwamba yana uhusiano na vijani vyenye urefu wa milimita mbili.

Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tangazo halizimi moto. Moto wa kuandaa mashamba hupanda mteremko kiangazi, na ukiingia kwenye msitu wa mosi iliyokauka hauna huruma. Kisha huja sherehe za kupanda miti, watu wakapiga picha wameshika miche, wakasema msitu umerudi. Mti hurudi kwa miaka 20 au 30. Lile koti la mosi lililovikwa na ukungu kwa muda mrefu, tawi kwa tawi, halipandwi na mgeni wa heshima. Na nani atalililia, kama aliyesoma hadi kidato cha nne hakuwahi kulijua?

Nimekwisha kuambiwa kwamba hizi ni kazi za Wazungu. Neno hilo linanikera kuliko yote, hasa linaposemwa na wasomi. Kitabu ambacho majina ya mosi huanzia kilitolewa mwaka 1801, nacho ni cha Johann Hedwig, aliyekuwa amefariki mwaka 1799. Hakulelewa kuwa bwana wa mimea mwenye mshahara wa kutazama majani. Alikuwa daktari wa wagonjwa, na mosi alizitazama katika saa alizojiibia. Je, mganga wetu wa zahanati hana saa za kujiibia? Mwalimu wa Mgeta au wa Lushoto, ambaye amezungukwa na mosi ambazo mtu wa Ulaya hulipa nauli ya ndege kuja kuziona, yeye Jumamosi hana nafasi? Tunayo hifadhi ya mimea mikavu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunayo ya taifa kule Arusha. Mosi ni rahisi kuihifadhi kuliko mmea wowote: huwekwa katika bahasha ya karatasi, ikakauka yenyewe bila kukandamizwa, ikakaa miaka na miaka. Juu ya bahasha huandikwa mahali, tarehe, mwinuko, na ilichokuwa imeota juu yake. Ndani ya hifadhi ya msitu usichukue hata kipande bila kibali; huko kamera inatosha. Nje ya hifadhi, kwenye ukuta wako na mwembe wako, uko huru.

Ninachodai kwa vyuo vya ualimu ni kidogo. Kila mwanafunzi wa ualimu wa sayansi apewe lenzi moja kabla hajafundishwa kuchora Funaria, na katika mazoezi ya kufundisha apimwe kwa somo moja alilolitoa nje ya darasa, wanafunzi wakiwa wamepiga magoti. Mtihani nao uwe na swali linalojibika tu na mtu aliyetazama: kwa mfano, mosi ya ukuta wa shule yako hufanyaje ikipata maji? Mwalimu asiyejua jibu atalazimika kutoka nje kulitafuta.

Mwaka huu nilipeleka lenzi tatu kwenye shule ya jirani. Juzi mwalimu wa sayansi aliniambia mbili zimekwisha kupasuka na ya tatu watoto wanaigombania. Nimeagiza nyingine sita.